Kichwa cha Mangi Meli

Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, Kilimanjaro, pamoja na viongozi wengine 18. Mwaka 1892 vijana wake waliwahi kulishinda jeshi la Wajerumani na kuwaua maofisa wawili. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Baada ya kunyongwa, wanasimulia wazee wa Old Moshi, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Simulizi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa maonyesho ya sanaa yaliyofunguliwa Berlin mwaka 2018, kazi ya Konradin Kunze na wenzake, wakiwemo Watanzania. Baadaye yaliletwa Old Moshi, na hapo ndipo mahali pake hasa. Anayeyatazama hukutana na michoro, picha za kale na sauti. Anamkuta pia Mzee Isaria Meli, mjukuu wa Mangi, aliyedai kichwa cha babu yake kwa miaka mingi, wakati ambapo hakuna aliyemsikiliza.

Mwaka 2024 ikatoka filamu ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay kuhusu ukoo wa Mbano wa Songea na ukoo wa Kaaya wa Meru, ambao nao wanatafuta mabaki ya mababu zao. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Vitukuu wake wanabisha hodi kwenye ofisi na makumbusho, Tanzania na Ujerumani, wakiomba wapewe marehemu wao wamzike. Hebu fikiria: kumwomba mgeni ruhusa ya kumzika babu yako!

Mafuvu ya watu kama hao yalikusanywa na watu kama Felix von Luschan wa Berlin, waliopima vichwa ili kuwagawa wanadamu kwa mbari. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu takriban 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda. Vinasaba viliunganisha machache na familia za Kilimanjaro zilizo hai leo, likiwemo la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea. Aliomba kwa heshima, lakini familia zinahitaji zaidi: orodha kamili ya mabaki yaliyoko kwenye makumbusho na vyuo vikuu vya Ujerumani, iandikwe kwa Kiswahili, isomwe Old Moshi, Meru na Songea, na gharama za kuyarejesha zilipwe na walioyachukua.