Theluji ya Kibo na Uso wa Bibi

Desemba iliyopita, tuliporudi Kilema kama Wachaga wanavyorudi kila mwaka, nilimpiga bibi yangu picha mbele ya nyumba yake, Kibo ikiwa wazi juu ya migomba. Machi tukamzika. Nilipoisafisha ile filamu, theluji ilikuwa imetoka vizuri kabisa. Bibi alikuwa kivuli chenye kitambaa cheupe kichwani.

Nikailaumu kamera. Ni ya Kijapani, ya mwishoni mwa miaka ya 1960, niliachiwa na baba mkubwa. Mita yake ya mwanga ilishaanza vituko: mshale unaouona ukichungulia ulikuwa unarukaruka, mara unakufa kabisa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Moshi mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Humu umeweka betri gani?"

"Hizi za kawaida, za dukani."

Akacheka. "Basi kamera inakudanganya kwa kuwa na wewe umeidanganya."

Kumbe kamera za kizazi kile zilipangwa kwa betri ya zebaki, volti 1.35, ambayo nguvu yake haiyumbi mpaka inapokaribia kufa. Lakini zebaki ni sumu. Nchi nyingi ziliiondoa kwenye betri miaka ya 1990, na mwaka 2013 ukaja Mkataba wa Minamata, wenye jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliua na kulemaza watu. Siwezi kulalamika. Ila betri ya alkali tunayoweka leo ina volti 1.5, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuichanganya mita. Inadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, inakuambia ubane lenzi, na picha inatoka giza.

Mzee alisugua kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri kwa siki, akakausha. Akachukua betri ya kifaa cha kusaidia usikivu, ya zinki na hewa, volti 1.4. Akaizungushia mpira ili isicheze, akabandua kikaratasi chake na kuiacha ipumue dakika chache. Kisha tukatoka juani kujaribu kwa kanuni ya wazee: jua kali, filamu ya 100, lenzi kwenye 16, kasi 1/125. Mshale ukakubali.

Nikapanda Kilema nikijua kazi imekwisha. Nikasimama pale nilipompigia bibi, nikaelekeza kamera kwenye mlango na mlima. Mshale ukataka nibane lenzi, karibu kama siku ile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Betri ilikuwa na makosa yake, lakini hata mita nzima haijui bibi ni nani. Inachukua mwanga wote uliopo mbele yake, inatafuta wastani, na inaamini wastani huo ni kijivu. Kukiwa na anga na theluji nyuma, mtu mweusi aliyekaa kivulini ndiye anayelipa.

Kilema inaujua ubishi wa namna hii tangu zamani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika hapa akapokelewa na Mangi Masaki. Njiani, tarehe 11 Mei, alikuwa ameona weupe juu ya mlima. Aliyekuwa akimwongoza aliuita baridi, basi. Habari hiyo ilipochapishwa London mwaka 1849, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikataa: theluji karibu na ikweta, haiwezekani. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi, hata baada ya Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten kuangukiwa na theluji mlimani mwaka 1862. Cooley alipima kwa wastani wa vitabu alivyosoma, na kilichozidi wastani akakikata. Wakati ule kilichokatwa ni theluji. Kwangu theluji ilipata kila kitu, akakatwa bibi.

Nimeikagua ile negativu kwenye dirisha mara nyingi. Palipo na uso wake pamebaki karibu wazi. Mwanga haukufika, na fundi yeyote hawezi kurudisha kisichokuwepo.

Jumapili nilimkalisha shangazi kwenye kiti kilekile. Nikapima kiganja changu kivulini, nikafungua lenzi hatua moja zaidi, kwa sababu kiganja ni cheupe kuliko kijivu cha mita. Kisha nikamgeukia.

"Mlima utaonekana?" akauliza.

"Utaungua kidogo, shangazi."

"Acha uungue. Huo haujaanza leo kupigwa picha."

Picha imetoka. Shangazi anaonekana mpaka mikunjo ya macho, na lile jino lake la mbele lenye rangi ya maji ya Kilimanjaro. Nyuma yake Kibo imepotea kabisa angani. Cooley angeipata, angeifanya ushahidi.