Magurudumu yaliyoinama: kutoka gari la farasi hadi gereji ya Mabawa

Mwezi huu nimeulizwa swali moja mara tatu, na mara zote na vijana wenye Altezza: "Kaka, wewe mwandishi unajuana na mafundi, hivi alaimenti ya resi inawekwaje?" Wanauliza, lakini wengi wao wameshaiweka tayari. Kila nikipita Mabawa naziona gari zimeshushwa mpaka tumbo linataka kugusa lami, magurudumu ya mbele yameinamia ndani kwa juu na kutanuka kwa chini, kama mtu aliyesimama anasukuma ukuta. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia ndivyo zinavyokaa gari za mashindano. Ni kweli. Ila sababu yake hiyo wachache wanaijua, na bila sababu hiyo namba hizo ni hatari.

Tuanzie mbali kidogo. Hesabu ya kwanza ya alaimenti ni ya magari ya farasi. Mtengeneza magari wa Munich, Georg Lankensperger, aligundua kwamba gari likikata kona gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima likunje zaidi, la sivyo litaburuzwa. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliisajili hati ya uvumbuzi huo London, na dunia nzima mpaka leo inasema "Ackermann". Lankensperger wa watu kasahauliwa. (Mambo hayo hayakuanza leo!)

Magurudumu ya mbao ya enzi zile yaliinamia nje kwa juu, na magari ya kwanza ya injini yakarithi mkao huo. Kuinama huku mafundi wanakuita kemba. Gari za mashindano ndizo zilizokuja kugeuza kibao. Gari ikiingia kona kwa kasi bodi inalalia upande wa nje, na tairi la nje, ambalo ndilo limebeba mzigo, linasimamia ukingo wake wa nje tu. Sasa ukiliinamisha kuelekea ndani kabla, kona ikifika na bodi ikalala, tairi linakaa bapa na kushika lami yote. Siri yote ni hiyo. Gurudumu limeinamishwa kwa ajili ya kona. Kwenye barabara iliyonyooka halina faida yoyote.

Huku kwetu somo hilo lililetwa na Safari Rally, iliyoanza 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zile milima yetu ya Usambara ilikuwa moja ya sehemu zilizoogopwa. Volkswagen za mgongo wa kobe zilishinda 1954 na tena 1962, na wazee wanaozikumbuka watakwambia magurudumu ya nyuma yalivyokuwa yakijikunja chini ya gari likiruka. Ekseli zake zilibembea kutoka katikati, kwa hiyo kemba ilibadilika kila springi iliposhuka na kupanda. Dereva alilazimika kuendesha huku akilijua hilo.

Halafu ikaja gari ya michezo hasa, Datsun 240Z. Edgar Herrmann alishinda nayo 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo 1973 baada ya kufungana pointi na Harry Källström. Kuanzia mwaka uliofuata mashindano yakabaki Kenya peke yake. Cha kufurahisha ni kwamba 240Z ilipotoka kiwandani kemba yake ya mbele haikuwa na sehemu ya kurekebishia. Ulichoweza kugusa ni kubana au kutanua mbele, basi. Kutaka zaidi ni kubadili vyuma. Na ukiinua gari ili ivuke mawe, zile tairodi zinabadili pembe na magurudumu yanahama tena. Ndiyo maana hakuna mkao mmoja wa "resi". Mkao wa vumbi la mashamba ya mkonge sio wa uwanja wa lami.

Haya, sasa jibu lenyewe. Kuna fundi mmoja Mabawa, mtu mzima, hana mashine ya kompyuta. Ana stendi nne, mshipi wa nailoni wa kuvulia, timazi ya mwashi na rula ya chuma. Nilimuuliza kwa nini hatumii kamba ya mkonge na sisi ni watu wa Tanga, akacheka: "Mkonge una manyoya, mwanangu, utasoma milimita ya wapi?"

Kwanza anatafuta sakafu iliyo sawa, akipima kwa mpira wa maji kama wajenzi. Anasawazisha upepo wa matairi. Anaweka viroba vya mchele kwenye kiti, uzito wa dereva, maana gari tupu inadanganya. Mshipi unavutwa pande zote mbili usawa wa katikati ya gurudumu. Kemba anaipima kwa timazi: kwenye rimu ya inchi 16 kila digrii moja ni kama milimita 7. Gari ya barabarani hukaa karibu na digrii 1 au pungufu, ya uwanjani mbele hufika 2 mpaka 3. Kasta ni ule mlalo wa kwenda nyuma unaouona kwenye uma wa baiskeli, ndio unaokuwezesha kuachia mikono, na uwanjani huongezwa. Kubana na kutanua huja mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba kunavurugika. Wa uwanjani hutanua mbele milimita 1 au 2 ili gari iitike upesi, nyuma hubana kidogo itulie.

Sasa chukua gari hiyo hiyo uende nayo Segera na kurudi kila siku. Njia imenyooka, tairi linasimamia ukingo wa ndani tu, na kule kutanua kunalisugua. Ukingo huo hauonekani ukisimama pembeni, lazima uingie uvunguni. Fundi alinionyesha tairi moja: kwa nje kashata bado mbichi, kwa ndani nyaya zimetoka. Mwenyewe alikuwa ameileta kubadilisha oili tu, na Ijumaa alikuwa anasafiri na familia kwenda Dar.

Nikamuuliza fundi, huyo ulimfanyia nini? Akasema alimrudishia kemba digrii moja, akambana mbele milimita moja, akambadilishia matairi mawili. Zile namba za uwanjani akamwandikia kwa chaki ukutani, siku akipata uwanja aje. Nimeziona, bado zipo, juu kidogo ya kalenda.