Riwaya ya njozi yatafuta msomaji wa kwanza

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MWANDISHI anayetoa riwaya yake ya kwanza, hususan riwaya ya njozi, hukabiliwa na mtihani usiohusiana sana na kalamu: nani atainunua? Wachapishaji wengi nchini huegemea vitabu vya shule, kwa kuwa shule ndizo mnunuzi wa uhakika. Matokeo yake, mwandishi chipukizi mara nyingi hugharimia uchapaji kutoka mfukoni mwake, na nakala zisipotoka hubaki katika maboksi uvunguni mwa kitanda, pamoja na fedha ambazo pengine zingenunua mbolea ya mahindi au kulipa ada ya mtoto.

Miongoni mwa njia za kujinasua ni kusanyiko dogo la mashabiki. Utaratibu huo una umri mkubwa ughaibuni. Kusanyiko la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi lilifanyika New York mwaka 1939, likahudhuriwa na watu wapatao 200 tu. Jirani zetu wa Nairobi nao wana NAICCON, inayowakutanisha wapenzi wa katuni, michezo ya kompyuta na mavazi ya wahusika. Udogo wa mkusanyiko si kasoro. Msomaji aliyeongea na mwandishi ana kwa ana hukinunua kitabu, na aghalabu humsimulia mwenzake.

Wapo wanaodhani kuwa njozi ni mgeni katika Kiswahili. Dhana hiyo haina mashiko. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani, na mwaka uliofuata Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani na mji mzima umegeuka mawe. Tafsiri ya Elisi katika Nchi ya Ajabu ilikwisha kutoka tangu 1940. Euphrase Kezilahabi alifuatia na Nagona (1990) na Mzingile (1991), naye Kyallo Wamitila wa Kenya akatoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Kwa bahati mbaya, vitabu hivi vya karibuni husomwa zaidi katika madarasa ya vyuo vikuu kuliko katika mabasi, na hapo ndipo penye pengo la mwandishi mpya.

Kwa mwandishi wa kata ya Pito, katika Manispaa ya Sumbawanga, malighafi iko mlangoni. Jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Simulizi za Wafipa, ambazo mwanaanthropolojia Roy Willis alizikusanya miaka ya 1960, zinamtaja Ntatakwa, mtu wa kwanza aliyeshuka kutoka angani, na kijiji cha Milanzi kilichokuwa kiti cha watawala wa kale. Zinasimulia pia wanawake watatu wageni waliowasili mfalme akiwa mawindoni. Utawala ukahamia kwao, Milanzi ikabakiwa na heshima ya kimila. Tena kuna malungu, matanuri ya chuma marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila kuvukutwa. Mwenye hazina hiyo akienda kuazima joka la Ulaya lenye kulalia dhahabu, huyo amejitakia.

Mezani pa kusanyiko, kosa kubwa ni kueleza. Mwandishi huanza na ramani ya nchi aliyoibuni, nasaba ya wafalme saba na kanuni za uchawi wao, na msikilizaji anaanza kuangalia saa. Afadhali asome dakika tano tu, tena kutoka ukurasa wa kwanza, akomee pale ambapo msikilizaji angeuliza, “Ikawaje?” Magazeti yetu yalilijua hilo zamani: Eric Shigongo alijipatia wasomaji kwa hadithi za mfululizo, zikikatwa kila toleo mahali pabaya. Sura ya kwanza iliyochapwa peke yake katika karatasi chache zilizokunjwa, ikagawiwa bure, hufanya kazi hiyo hiyo hata baada ya mwandishi kuondoka.

Aidha, bei iandikwe wazi, na chenji iwepo. Mambo hayo yaonekana madogo, lakini shabiki mwenye noti ya shilingi 10,000 hatasubiri chenji itafutwe dukani.

Kabla ya yote hayo, kitabu kiwe na namba ya ISBN, ambayo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki humwangukia mwandishi mara tu anapomaliza kuandika, ingawa kusajili kazi COSOTA humpa ushahidi iwapo mgogoro utazuka. Kwa mwenye mswada usiochapishwa, upo mlango mwingine: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ambapo mshindi wa kwanza wa riwaya alipata shilingi milioni 10. Mswada wa Kiswahili safi unaweza kutumwa huko hata kama shujaa wake ameshuka kutoka angani.