Mama Akifa, Nani Atabaki Naye?

Masomo: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13, Luka 14:12-14



Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika nyumbani. Yaya akambeba akakimbia, mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Sisi watu wa Fizi hatuhitaji mhubiri wa kutufafanulia hayo. Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu, kila jamaa ilipaswa kujua nani atatembea, nani atabebwa, na nani atapata nafasi ndani ya mtumbwi. Miaka ilipita, Daudi akauliza ni nani amebaki katika nyumba ya Sauli, apate kumtendea mema. Hakuuliza kijana alikosa nini. Wala hakumjengea nyumba ya peke yake mbali na watu. Alimketisha mezani pake.

Leo tunawatazama wengine waliobaki: watu wazima wenye ulemavu wa akili. Hawa si wagonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote ukubwani, na mara nyingi dawa humsaidia. Mwenye ulemavu wa akili amekua hivyo tangu utoto: anaelewa polepole, hesabu ya pesa inamshinda, pengine hata kusema. Lakini anajua nani anampenda, anajua kuchota maji na kuanika ndakala, na kwaya ikianza yeye yumo.

Wenzetu walipowafungia mbali

Mwaka 1921 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira, na mwaka uliofuata Wanorwe wakafungua misheni Kaziba. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini katika nchi walizotoka, wenye ulemavu wa akili walikuwa wakiondolewa kwa wazazi na kuwekwa katika majumba makubwa, mamia kwa mamia. Huko Uswidi sheria ya mwaka 1934 iliruhusu hata kuwapasua wasizae, pasipo ridhaa yao.

Walioanza kugeuza mambo ni wazazi. Mwaka 1956 vyama vya wazazi vya Uswidi viliungana kuwa chama kimoja cha nchi nzima. Sheria ya 1967 ikawapa watoto wote hawa haki ya kufundishwa. Mwaka 1969 Bengt Nirje, aliyekiongoza chama hicho cha wazazi, akaandika kwamba mtu huyu anastahili siku kama za watu wote: kuamka, kuvaa, kwenda kazini, kurudi nyumbani, kupumzika Jumapili. Norwe ilianza kuyafunga majumba yake mwaka 1991, na Uswidi ikaweka mwisho wa 1999 kuwa kikomo. Ilichukua muda mrefu kukubali kwamba mtu hukua akiwa kati ya watu.

Katika mji wa Geel, Ubelgiji, wakaaji walilijua hilo tangu zamani. Kwa karne nyingi jamaa za mji huo zimewapokea nyumbani wagonjwa wa akili na wenye ulemavu wa akili, wakala pamoja nao na kulima pamoja nao. Mwaka 1938 waliopokelewa hivyo walizidi 3,700. Kazi hiyo ilianzia kwenye kanisa.

Kwetu ilikuwaje

Kwetu hakukuwa na majumba hayo. Mtu alikuwa wa ukoo, na katika lubunga ya Babembe chakula kililiwa pamoja. Hiyo ni hazina. Lakini tusijisifu kupita kweli. Wapo waliofungwa kamba chumba cha nyuma. Wapo walioitwa wachawi, na maneno hayo mara nyingine yalitoka madhabahuni.

Hapa historia ya jimbo letu inatufundisha. Miaka ya 1960 waganga walichunguza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, ambako watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo na watoto wengine walizaliwa na akili na mwili visivyokua. Waliona kwamba chakula cha kisiwa kilikosa iodini, na muhogo usiotayarishwa vizuri ulizidisha shida. Mama aliyekosa iodini alizaa mtoto aliyelemaa akili. Dawa yake ni ndogo: chumvi yenye iodini. Ni mama wangapi walioambiwa wana laana, kumbe walikosa chumvi? Sababu nyingine ni uchungu wa uzazi uliokawia, malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo. Tunaamini Mungu anaponya, na tunaomba. Lakini si kila anayeelewa polepole ana pepo. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto uchawi.

Msaada ulivyosogea karibu

Wakatoliki walitangulia: Village Bondeko huko Kinshasa, na Heri Kwetu kule Bukavu. Kazi njema, lakini ni ya mijini, na hasa ya watoto. Baada ya mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani lilieneza njia nyingine: jamaa na majirani wafundishwe kumsaidia mtu palepale anapokaa, pasipo kungoja jengo.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha mapatano yanayosema mlemavu ana haki ya kuishi kati ya watu kama wengine. Nchi yetu iliyakubali mwaka 2015. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inaahidi ulinzi wa pekee kwa walemavu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imefafanua haki zao. Tunashukuru. Ila sheria iliyoandikwa Kinshasa haimfikii yenyewe mama anayeloweka muhogo kando ya Mutambala. Lazima mtu aipeleke mlangoni pake.

Deni letu

Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1996, akakulia Nyarugusu, akarudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka tangu 2005, leo ni mtu mzima. Aliyembeba amezeeka. Mama huyo akizikwa, matanga yakiisha, shamba likigawanywa, nani atabaki naye? Swali hili tusilingoje kaburini.

Kila selula ijue majina ya ndugu hawa katika mtaa wake. Mama angali hai, wazee wakae na jamaa, wakubaliane mbele ya mashahidi nani atampokea na sehemu yake ya shamba ni ipi. Wamama wa kanisa wapeane zamu, ili mama mzee apate siku moja ya kwenda sokoni bila hofu. Tumpe kazi kanisani na tumshukuru akiimaliza. Tusimfunge kamba, tusimlazimishe kufunga chakula, tusimnyang'anye dawa ya kifafa kwa jina la imani. Na binti wa namna hii tumlinde. Anayemdanganya asifichwe kwa sababu ni mwimbaji au shemasi.

Bwana Yesu alisema tukifanya karamu tuwaalike wasioweza kutulipa. Mtume Paulo naye aliandika kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Basi tusiseme tunawapa nafasi. Nafasi ni yao. Sisi tusogee tu pale mezani.

Tuombe: Bwana, utuonyeshe aliyebaki katika mtaa wetu, na utupe moyo wa kumtendea mema kabla mama yake hajalala. Amina.