Kutoka Lyubavichi hadi Brooklyn: Tarehe ya Rabi Yosef Yitzchak Schneersohn

Lyubavichi ni kijiji cha jimbo la Smolensk, magharibi mwa Urusi, jirani na mpaka wa Belarusi. Rabi Dovber alihamia huko mwaka 1813. Baba yake, Schneur Zalman wa Liadi, mwasisi wa tawi la Wahasidim (kundi la Wayahudi wacha Mungu) linaloitwa Chabad, alikuwa amefariki safarini akilikimbia jeshi la Napoleon. Mzee huyo alikwisha kuionja jela ya St Petersburg mwaka 1798, na kitabu chake, Tanya, kilichopigwa chapa mara ya kwanza 1796, ndicho Chabad wanachokisoma hadi leo. Jela, ukimbizi na kitabu: ukoo huu ulivijua vyote vitatu tangu kizazi cha kwanza.

Silsila ya viongozi ikaendelea Lyubavichi kwa miaka 102. Baada ya Dovber alishika mkwewe Menachem Mendel, kisha Shmuel, kisha Sholom Dovber. Huyu wa mwisho ndiye aliyefungua chuo cha Tomchei Temimim mwaka 1897, ambako vijana walisoma Talmud pamoja na mafunzo ya ndani ya Wahasidim kama somo kamili lenye saa zake. Uongozi wa chuo alimkabidhi mwanawe wa pekee, Yosef Yitzchak, aliyezaliwa 1880 na hakuwa hata ametimiza miaka 20. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maisha ya kijana yule yalipoamuliwa. Wengi humtaja kwa jinsi alivyookolewa vitani. Mimi naona kwanza kabisa alikuwa mwalimu, na kila alikofukuziwa alianza kwa kutafuta darasa.

Mwaka 1915 vita viliwasukuma hadi Rostov, mji wa kusini kando ya mto Don. Sholom Dovber akafia huko mwaka 1920, na mwanawe akaurithi uongozi wakati Wabolsheviki wanashika nchi. Shule za dini zikafungwa. Waliozisaka kwa bidii kubwa walikuwa Wayahudi wenzao wa Yevsektsiya, kitengo cha Kiyahudi cha chama cha Kikomunisti. Rabi akajibu kwa kuendesha madarasa ya siri: walimu waliotumwa mji hadi mji, watoto waliofundishwa vyumba vya chini, wachinjaji na watahiri waliolipwa kimyakimya.

Usiku wa Juni 1927 askari walimkamata nyumbani kwake Leningrad, alikokuwa amehamia, wakampeleka gereza la barabara ya Shpalernaya. Alihukumiwa kifo. Kelele zikapigwa nje na ndani ya nchi, naye Ekaterina Peshkova, mkewe mwandishi Gorky, akamtetea kwa wakubwa wa Moscow. Kifo kikageuzwa miaka 10 ya kambi, kambi ikageuzwa miaka 3 ya kuhamishiwa Kostroma, na huko Kostroma hakumaliza hata wiki mbili, akaachiliwa. Oktoba mwaka huohuo alivuka mpaka kwenda Riga na jamaa zake na shehena ya vitabu. Latvia ikampa uraia, na uraia huo ulikuja kuwa na thamani kubwa kuliko alivyoweza kudhani.

Mwaka 1933 alihamia Poland, akaishi Warsaw, kisha Otwock, mji mdogo jirani. Chuo kilikuwa naye. Septemba 1939 mabomu ya Wajerumani yalimkuta Warsaw, mgonjwa, miguu inamtaabisha.

Wafuasi wake Marekani waliwaendea wakubwa wa Washington. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, kwa hiyo njia ya kuzungumza na Berlin ilikuwa bado wazi. Ombi likamfikia Helmuth Wohlthat, ofisa wa serikali ya Hitler, naye akalipeleka kwa Wilhelm Canaris, mkuu wa ujasusi wa jeshi. Canaris akamtuma Ernst Bloch, ofisa wa jeshi ambaye baba yake alikuwa Myahudi. Wiki kadhaa Bloch hakufua dafu, kwa maana Wayahudi wa Warsaw walimficha kiongozi wao. Nani angeamini kwamba mtu aliyevaa sare ya jeshi lile anabisha hodi ili amwokoe rabi? Hatimaye walionana, na Desemba Rabi na jamaa zake walipandishwa treni, wakapita Berlin yenyewe hadi Riga. Binti yake Sheina alibaki, kwa kuwa mumewe alikuwa raia wa Poland, si wa Latvia. Wote wawili waliuawa Treblinka mwaka 1942.

Tarehe 19 Machi 1940 meli Drottningholm ilitia nanga New York. Rabi alishushwa akiwa hawezi kutembea vizuri, na papo hapo akatangaza kwamba atafungua chuo. Wapo waliomwambia Marekani si mahali pa dini ya namna ile. Hakukubali. Mwaka huohuo ikanunuliwa nyumba ya matofali mekundu, namba 770 Eastern Parkway, Brooklyn, ikawa makazi, sinagogi na darasa. Wanafunzi wake wa Otwock walikuwa wametawanyika: wengine walipata viza za Chiune Sugihara, balozi mdogo wa Japani mjini Kaunas, wakafika Kobe na Shanghai. Tisa kati yao walifika Montreal Oktoba 1941, nao wakafungua chuo. Mwezi uliofuata Wayahudi waliokuwa wamebaki Lyubavichi waliuawa.

Wakati wa vita Rabi aliwaandikia Wamarekani akiwasihi waokoe vitabu vyake vilivyobaki Poland. Wako wanaomlaumu: watu wanakufa, yeye anadai karatasi! Siwezi kumlaumu. Karatasi zile zilikuwa mafunzo ya vizazi sita, na mengine yaliandikwa kwa mkono bila nakala. Sehemu yake ilifika New York 1941.

Alifariki Januari 1950. Mwaka uliofuata mkwewe, Menachem Mendel Schneerson, akashika nafasi yake, akaanza kupeleka walimu duniani kote. Vitabu navyo vikazua ugomvi. Januari 1987 mahakama ya New York iliamua kwamba maktaba ya Brooklyn ni mali ya jumuiya, si urithi wa familia. Vitabu vingine, takribani 12,000, vilivyoachwa Moscow na kutaifishwa na Wabolsheviki, viko Urusi mpaka sasa. Mahakama ya Marekani iliitoza Urusi faini ya dola 50,000 kwa siku kuanzia 2013 kwa kutovirudisha. Urusi ilikataa kulipa, na Chabad hawajaacha kuvidai.