Gari linagoma kuwaka? Usikimbilie betri mpya

Gari likigoma asubuhi, wengi huenda moja kwa moja dukani kununua betri. Kumbe mara nyingine shida ni waya wa athi ulioshika kutu, na betri mpya nayo inagoma baada ya siku mbili.

Anza na masikio. Ukizungusha funguo ukasikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi: betri imeisha chaji au vichwa vyake vimelegea. Ukisikia "tak!" moja tu na taa zikabaki kali, mtuhumiwa wa kwanza ni stata. Kimya kabisa lakini taa zinawaka? Angalia fyuzi, rilei na swichi. Kwa gari la otomatiki, jaribu kwanza kuweka gia kwenye N. Hiyo haina gharama.

Mwenye testa apime. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, altaneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa tu.

Ukisafisha vichwa, fungua waya wa hasi kwanza na uurudishe mwisho.

Kuna mchezo mmoja wa hatari: fyuzi ikiungua, mtu anaweka kipande cha waya. Fyuzi ya ampea 15 hukatika ili waya za gari zisiungue. Ukiiziba hivyo, kinachofuata kuungua ni waya zenyewe, pengine na gari zima.