Usuluhishi shuleni

Usuluhishi shuleni ni utaratibu wa kushughulikia makosa ya wanafunzi kwa kurekebisha madhara badala ya kuwasimamisha masomo. Aliyekosa, aliyekosewa na mwalimu huketi duarani. Kitu kidogo hupitishwa mkono kwa mkono, na anayekishika ndiye pekee anayesema: nini kilitokea, nani ameumia, madhara yarekebishwe vipi. Kwa aliyezoea viboko, utaratibu huu huonekana ulegevu, ingawa kumtazama machoni uliyemuumiza ni kazi nzito. Bodi ya shule za Oakland, California, iliupitisha mwaka 2010. Utafiti wa shirika la RAND katika shule 44 za Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa 2018, ulionyesha siku za kusimamishwa zikipungua, lakini alama za darasa la 6 hadi la 8 zikishuka. Watetezi wa usuluhishi wasilifiche tokeo hilo.